Wastani wa bei 7 za mwisho za dagaa kwenye Excel

Mnunuzi wa dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, hana bei mpya kila siku. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu na jedwali linabaki na mapengo. Kwa hiyo fomula hii ya siku 7 zilizopita itakuangusha:

=AVERAGEIFS(B2:B1000,A2:A1000,">"&TODAY()-7)

Wiki isiyo na bei hata moja inakupa #DIV/0!. Hesabu bei 7 za mwisho zilizoandikwa, hata kama zimesambaa siku 15.

Tarehe ziwe safu A na bei ya kilo safu B, kuanzia mstari wa 2, mpya ziende chini. Bei ya mwisho, kisha tarehe yake:

=LOOKUP(9.99E+307,B2:B1000)
=LOOKUP(9.99E+307,B2:B1000,A2:A1000)

Excel inatafuta namba kubwa kupita kiasi, inaikosa, inaishia kwenye namba ya mwisho. Sasa wastani:

=AVERAGE(INDEX(B:B,AGGREGATE(14,6,ROW(B2:B1000)/ISNUMBER(B2:B1000),MIN(7,COUNT(B2:B1000)))):B1000)

Inatisha kwa sura tu. Mstari usio na bei unagawanywa kwa sifuri na kuwa kosa. 6 inaamuru makosa yarukwe. 14 inachukua mstari wa saba kwa ukubwa kati ya iliyobaki, yaani wa saba kutoka chini, na AVERAGE inaanzia hapo hadi B1000. MIN ni ya jedwali changa: bila yake, bei zikiwa 5 tu utaona #NUM!. Iandike D1, kamwe si safu B, la sivyo fomula itajisoma yenyewe. Inahitaji Excel 2010 au mpya zaidi. Kwenye Google Sheets, badala ya AGGREGATE yote weka:

LARGE(FILTER(ROW(B2:B1000),ISNUMBER(B2:B1000)),MIN(7,COUNT(B2:B1000)))

Siku isiyo na dagaa iache wazi. Ukiandika 0, nayo ni namba, na wastani utaporomoka. Aliyeandika "9,000/=" ameandika maneno; yatarukwa kimyakimya. Linganisha =COUNT(B2:B1000) na =COUNTA(B2:B1000): zikitofautiana, kuna bei iliyoandikwa vibaya.

Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi, kama mwaka 2024 kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, anza jedwali jipya siku ya kufunguliwa. Vinginevyo bei za Mei zitachanganyika na za Agosti, na fomula haitakwambia.