Somo: Kukagua paa jipya la makuti kabla ya kumaliza kumlipa fundi

Assalamu alaikum. Somo hili limekusudiwa kwa mwenye nyumba, mwenye banda la wageni au msimamizi wa madrasa ambaye ameezekewa paa la makuti na sasa anadaiwa fedha zilizobaki. Wengi wetu husimama uani, tukautazama ukingo wa chini ulivyokatwa sawasawa, tukasema mashaallah, kisha tukalipa. Ukingo ule ndio sehemu nyepesi kuliko zote kuipamba, kwa kuwa hukatwa siku ya mwisho kwa kisu kikali, na hauelezi lolote kuhusu mistari ya makuti iliyo juu yake. Paa la makuti hukaguliwa kwa ndani, kwa futi mkononi na kwa kupanda ngazi.

Ninayoyazungumzia hapa ni makuti ya viungo, yaani yale ambayo majani yake hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa, moja likilalia jirani yake. Makuti ya kumba, yaani yale yanayosukwa, ni ya ua na vibanda vya muda, na fundi anayekuletea hayo kwa nyumba ya kulala mtu hana haja ya kukaguliwa zaidi.

Hatua ya kwanza: makuti yakiwa bado chini

Ikiwezekana, anza kabla halijapanda hata kuti moja. Usichukue la juu ya mzigo, kwani hilo limewekwa ili lionekane; chomoa la katikati. Lishike kwa ncha mbili, linyanyue usawa wa macho, jua likiwa upande wa pili. Nuru ikipenya baina ya jani na jani karibu na kijiti, majani yamepangwa machache. Kisha shika jani moja karibu na mshono na ulivute pembeni: likiteleza juu ya kijiti, mshono umelegea au mkunjo wa jani ni mfupi mno kushikwa na uzi. Kasoro hii haionekani kabisa kuti likishawekwa juu, na upepo ndio utakaoifichua.

Angalia pia ukavu. Jani bichi hunywea likikauka, kwa hiyo kuti lililoshonwa kwa majani ya kijani huonekana limejaa leo na baada ya wiki chache likawa na nafasi kama meno yaliyong'oka. Kwa upande mwengine, makuti yaliyorundikwa yakiwa na maji huota ukungu. Ukiona madoa meusi au ukisikia harufu ya uvundo katikati ya mzigo, yakatae.

Hatua ya pili: mteremko

Jani la mnazi halizuii maji kama bati linavyozuia. Huyapokea na kuyapeleka kwa jani lililo chini yake, hilo nalo kwa jengine, mpaka yadondoke kwenye upenu. Paa likilala sana, maji huenda polepole, hupenya ndani ya tabaka, na jani lisilopata kukauka huoza. Mteremko usiopungua nyuzi 45 ndio wa kutegemewa, na kuupima hakuhitaji chombo chochote cha kitaalamu. Pima kwa usawa kutoka ukutani hadi chini ya kilele, kisha pima wima kutoka usawa wa mtambaapanya (mti unaolala juu ya ukuta) hadi kileleni. Vipimo viwili vikilingana, mteremko ni nyuzi 45. Kwa chumba cha upana wa mita 6, kwa mfano, nusu yake ni mita 3, na kilele nacho kinatakiwa kiwe mita 3 au zaidi juu ya mtambaapanya. Kilele kikiwa mita 2 tu, ujue fundi amenunua miti mifupi kwa sababu ni rahisi. Kosa hili halirekebishiki bila ya kuvunja, kwa hiyo lipime kiunzi kikiwa kitupu.

Hatua ya tatu: kiunzi

Hapa hapahitaji maneno mengi. Miti yote ya kiunzi, yaani makombamoyo (ile inayoshuka kutoka kileleni hadi ukutani), mapau na fito, iwe imebanduliwa maganda, kwani chini ya ganda ndimo anamojificha dumuzi, mdudu atoboaye miti. Fumba jicho moja utazame kwa urefu wa mti: ukiyumba, na mstari wa makuti utayumba. Unga mwepesi ukionekana sakafuni chini ya mti, mti huo umeshaingiliwa na ubadilishwe.

Hatua ya nne: kupandana kwa mistari

Hili ndilo paa lenyewe. Unene wa paa hautokani na wingi wa majani katika kuti moja tu, bali na ukaribu wa mistari, na hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa jani linaloning'inia, ugawe kwa nafasi iliyopo kati ya kijiti na kijiti. Jani la sentimita 60 likipangwa kila sentimita 10, kila sehemu ya paa hufunikwa na matabaka 6. Likipangwa kila sentimita 20, matabaka hubaki 3, na fundi atakuwa ametumia nusu ya makuti uliyoyalipia. Kutoka nje mapaa mawili haya hufanana siku ya kwanza.

Ingia ndani, ulaze futi juu ya kombamoyo kufuata mteremko, na uhesabu vijiti vilivyomo ndani ya mita moja. Vikiwa 10, nafasi ni sentimita 10. Vikiwa 5, ni 20. Mimi kwa nyumba ya kulala sikubali nafasi inayozidi sentimita 12, ingawa kwa banda la kupumzikia mchana 15 hustahimilika. La muhimu ni kupima mahali patatu: karibu na upenu, katikati na karibu na kilele. Fundi mjanja huibana mistari ya chini, ambako macho na mikono yako hufika, kisha huanza kuitanua kila anapopanda. Mwenye kupima chini peke yake amepimiwa na fundi.

Tazama vilevile viungio. Kuti moja linapokwisha na jengine kuanza, ncha zake zipandane angalau shubiri moja, na kiungio cha mstari wa juu kisiangukie juu ya kiungio cha mstari wa chini. Ukiwa ndani ukaona ncha za vijiti zimepangana moja juu ya nyengine mpaka juu, hapo fundi ameyachimbia maji mfereji.

Hatua ya tano: kamba

Kila kijiti kifungwe katika kila mti kinaoupitia. Mafundi wenye haraka huruka mti mmoja, na njia ya kuwagundua ni kupitisha mkono na kukivuta kijiti kuelekea chini: kisisogee wala kisipige kelele. Kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za kumbi la nazi, bado naiona bora, kwa kuwa haiogopi unyevu wala chumvi ya bahari. Nailoni inafaa kwa ndani, lakini ile inayopigwa na jua kwenye upenu hukauka na kukatikakatika. Msumari hupasua kijiti chembamba, na kwa nyumba za pwani kutu huula upesi.

Hatua ya sita: kilele na vipaa

Ngazi haina mbadala hapa. Makuti ya kileleni yakunjwe yakilalia pande zote mbili, yafunike mstari wa mwisho wa kila upande, na yabanwe kwa miti iliyofungwa mpaka kwenye kiunzi, si kwa kuegemezwa tu. Upande unaoelekea kusini uangaliwe kwa makini zaidi, maana upepo wa Kusi ukianza baada ya masika huinua kila ncha isiyofungwa. Sukuma makuti ya ukingo wa kipaa kutoka chini kwenda juu kwa kiganja. Yakifunguka, upepo nao utayafungua.

Hatua ya saba: nuru, kisha mvua

Saa saba mchana funga milango na madirisha, ukae kimya mpaka macho yazoee giza, kisha utazame juu. Vitone vichache vya nuru vilivyotawanyika visikutishe, kwani nuru yaweza kupita mahali ambapo maji yameshachukuliwa na jani. Lakini vitone vilivyojipanga mstari ni viungio vilivyoangukiana, na nuru yoyote kileleni ni mvujo. Usimruhusu mtu kulijaribu paa kwa mpira wa maji unaopiga kutoka chini kwenda juu. Hakuna paa la makuti linaloshinda jaribio hilo. Kubalianeni tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba sehemu ya malipo itabaki mpaka mvua kubwa ya kwanza inyeshe.

Maswali na majibu

Swali, kutoka Wete: Maalim, fundi wetu ametandaza karatasi ya nailoni chini ya makuti yote, na anasema Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja. Je, ni sawa?

Jibu: Kuhusu mvua amesema kweli, lakini dawa yake ni mteremko mkali na mistari iliyobanana. Makuti hukauka kwa hewa inayopita chini yake pia. Nailoni huizuia hewa hiyo, na jani huoza kwa nyuma wakati kwa mbele bado linaonekana zima. Mwambie aitoe, kisha upime nafasi za mistari yake, kwa sababu anayeanza na nailoni mara nyingi ameyabania makuti.

Swali, kutoka Paje: Banda letu limechakaa. Je, tunaweza kuezeka makuti mapya juu ya yale ya zamani ili kupunguza gharama?

Jibu: Ndugu yangu, makuti mapya yatafungwa kwenye nini? Yakishikizwa kwenye makuti yaliyooza, hayana pa kushika. Na yakifungwa kwenye kiunzi kwa kupenya tabaka kuukuu, uzito unazidi na unyevu wa zamani unabaki katikati. Vueni yote, mkague miti, ndipo muezeke.

Swali, kutoka Chwaka: Fundi anataka boriti na mapau ya mikoko, na anasema atajua mwenyewe pa kuyapata. Nimwachie?

Jibu: Usimwachie, Bi. Mkubwa. Ukataji wa mikoko unasimamiwa kwa Sheria ya Zanzibar Namba 10 ya mwaka 1996 kuhusu rasilimali za misitu, na Ghuba ya Chwaka imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani iliyotangazwa mwaka 2004. Mtake akuoneshe kibali kabla miti haijashushwa kwako. Kwa banda la kawaida, miti ya mvinje inatosha ikiwa imebanduliwa maganda na kukaushwa vizuri.

Swali, kutoka Mkoani: Mimi nimeshalipa yote. Paa zima ni kavu isipokuwa pahala pamoja juu ya kitanda. Nianzie wapi?

Jibu: Usianzie juu ya kitanda. Maji yakishaingia hutembea juu ya kijiti au kombamoyo kabla ya kudondoka, kwa hiyo fuata alama ya unyevu kuelekea kileleni mpaka inapokatikia. Hapo inua mstari wa juu, chomeka kuti jipya chini yake hadi kijiti kiguse mti, ulifunge kwa kamba, kisha uushushe mstari wa juu ulifunike. Asikubandikie mtu kuti kwa juu: maji yatapita chini yake, na kitanda kitaendelea kulowa.