Ukienda masaji usikae kimya
Jamani ukienda kufanyiwa masaji usiende umetoka kula wali maharage saa hiyo hiyo, acha ipite kama saa moja na nusu hivi, tumbo likijaa kulala kifudifudi ni mateso. Halafu sema! Wengi tunang'ata meno tu mkandaji anavyokandamiza bega eti ndo inafanya kazi, kumbe ukijikaza na misuli nayo inakaza, hela imeenda bure. Mwambie punguza hapo, ongeza pale. Kama una presha, mimba au damu iliwahi kukuganda mguuni mwambie kabla hajashika mafuta. Na simu zima kabisa, mi yangu ililia katikati nikapokea, kumbe bosi, bega likarudi kuwa jiwe palepale.