Kununua gemu la kompyuta mtandaoni: chagua duka kabla ya kutoa pesa

Gemu moja linaweza kuuzwa katika maduka manne siku ileile, na bei zikapishana kwa dola moja au mbili tu. Wanunuzi wengi hukazia macho hiyo dola na kusahau mambo yatakayowagusa baadaye: ukubwa wa faili, apdeti zinazokula bando, kufuli linalodai intaneti, na kama pesa itarudi gemu likigoma. Hapa tunakwenda kinyume, bei tunaiweka karibu na mwisho. Mfano wetu mkuu ni Cyberpunk 2077, kwa sababu linauzwa Steam, GOG na Epic Games Store, tena ni zito kiasi cha kufichua karibu kila tatizo.

Hatua ya 1: Pima kompyuta na bando

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Ukurasa wa kwanza unaonyesha prosesa na RAM. Ule wa Display unaonyesha kadi ya picha na kumbukumbu yake. Linganisha na mahitaji ya chini yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa gemu. Cyberpunk 2077 linataka RAM ya GB 12, kadi ya GTX 1060 yenye GB 6 au inayolingana nayo, na GB 70 kwenye SSD, yaani diski ya kasi. Laptopu ya ofisini iliyoingia kama mtumba, yenye Intel HD Graphics peke yake, haitaliendesha hata ukishusha ubora wote wa picha. Mashine hiyohiyo itacheza Stardew Valley bila shida, nalo linahitaji MB 500 tu za diski.

Ukiwa bado na Windows 7 au 8, jua kwamba Steam iliacha kuzihudumia tarehe 1 Januari 2024. Kwa mashine za namna hiyo, magemu ya zamani yatafute GOG, ambayo haikulazimishi kuweka programu yake.

Sasa bando. Kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti, lakini gemu hupimwa kwa megabaiti, kwa hiyo gawanya kwa 8. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde inashusha MB 2.5 kwa sekunde, yaani GB 9 kwa saa ikiwa haiyumbi. GB 70 zitachukua kama saa nane. Kwa anayenunua bando la GB 2 kwa siku, hizo ni siku 35. Namba hiyo iandike pembeni, tutaihitaji kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Kagua kufuli na akaunti za ziada

Fungua tovuti ya PCGamingWiki, andika jina la gemu, kisha tazama jedwali la upatikanaji. Linaorodhesha kila duka linaloliuza na aina ya kufuli, yaani DRM, ulinzi unaohakikisha umelilipia gemu, katika toleo la kila duka. Gemu lilelile linaweza kuwa na kufuli Steam na likawa huru kabisa GOG. Cyberpunk 2077 la GOG halina kufuli.

Kisha nenda kwenye ukurasa wa gemu ndani ya Steam, upande wa kulia, utafute visanduku vya tahadhari. Kimoja hutaja Denuvo. Hilo ni kufuli linalothibitisha leseni kupitia intaneti mara ya kwanza, na linaweza kuidai tena baada ya apdeti au ukibadilisha vifaa vya kompyuta. Kijijini ambako mtandao unapatikana ukipanda kilima, kisanduku hicho kinatosha kukufanya uache. Kingine hutaja akaunti ya kampuni nyingine: EA, Ubisoft, Rockstar, PlayStation. Hapo ujue utafungua programu mbili ili kucheza gemu moja, na nenosiri la pili likipotea, gemu nalo limefungwa.

Akaunti ya ziada ina hatari nyingine kwa watu wa kwetu. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haipo rasmi Kenya wala Tanzania, na gemu likaondolewa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170. Malalamiko yalifanya sharti lifutwe ndani ya siku chache, lakini gemu halikurudi madukani mara moja. Basi kabla ya kulipa hakikisha akaunti inayotakiwa inaweza kufunguliwa ukiwa na anwani ya nchi yako ya kweli.

Gemu linalotegemea seva muda wote lina ukomo wake pia. The Crew la Ubisoft, lililotoka 2014, lilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024, na hata sehemu ya kucheza peke yako ikafa nalo. Hakuna duka linaloweza kukuokoa na hilo.

Hatua ya 3: Linganisha maduka kwa hali yako

*GOG.* Kwa gemu la mchezaji mmoja na intaneti ya bando, tungeanza hapa. Baada ya kulipa unapata faili za kusakinisha zisizohitaji programu ya duka wala intaneti. Gemu kubwa hukatwa vipande vya hadi GB 4: faili moja linaloanza na setup, na mengine yanayoishia na .bin. Faida yake utaiona mtandao ukikatika, kwa kuwa unarudia kipande kimoja tu. Unaweza kupakua vipande viwili leo na vitatu kesho, au ukaenda na diski ya nje mahali penye waifai nzuri. Vipande vyote vikae folda moja bila kubadilishwa majina. Kimoja kikikosekana, usakinishaji husimama katikati. Diski iwe na muundo wa exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 hukataa faili linalofika GB 4.

Pesa hurudishwa hadi siku 30 baada ya kununua, hata kama umecheza, mradi ulipata tatizo la kweli au hukuridhika na hutumii vibaya nafasi hiyo. Yule wa siku 35 bado anachelewa, lakini akiongeza bando kidogo anawahi. Udhaifu wa GOG ni kwamba magemu mengi mapya makubwa hayafiki huko, na apdeti kubwa inaweza kukulazimisha kupakua upya sehemu kubwa ya gemu.

*Steam.* Kwa kucheza na wenzako, hapa ndipo walipo. Ina pia Workshop, mahali pa kupata modi, yaani mabadiliko ya gemu yaliyotengenezwa na wachezaji, kwa kubonyeza mara moja. Cities: Skylines bila Workshop ni nusu ya gemu, na aliyelichukua Epic hana mlango wa kuingia humo. Masharti ya kurudishiwa pesa ni mawili kwa pamoja: ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2. Kupakua hakuhesabiwi kwenye zile saa 2, ila kunakula zile siku 14. Mwenye bando dogo hulipa leo, humaliza kupakua wiki ya tatu, ndipo anagundua gemu halifunguki, na dirisha limeshafungwa. Kama huna uhakika wa kumaliza kupakua ndani ya siku 10, usinunue gemu zito Steam bado.

Steam hukataa kufungua gemu lenye apdeti inayosubiri. Bonyeza gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, sehemu ya Updates, uchague lisasishwe pale tu unapolifungua. Halafu fungua gemu mara moja ukiwa na intaneti kabla ya kuhamia Offline Mode, hali ya kucheza bila intaneti. Mkiwa wawili nyumba moja, mtu mmoja apakue na mwingine anakili kupitia waifai ya ndani. Mpangilio huo uko Settings, sehemu ya Downloads, na hautumii bando. Kila mmoja lazima awe na haki ya kulicheza kwenye akaunti yake.

*Epic Games Store.* Masharti ya kurudisha pesa yanafanana na ya Steam: siku 14, chini ya saa 2. Sababu kubwa ya kufungua akaunti hapa ni magemu ya bure ya kila Alhamisi, yanayobadilishwa saa 12 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, au saa 1 usiku pale Marekani inapokuwa kwenye saa za majira ya baridi. Ukilichukua ni lako hata usipolipakua, kwa hiyo bonyeza tu, GB utazitafuta baadaye. Kabla ya kununua gemu la zamani popote, tazama kwanza kama hukulipata bure huko.

*Itch.io* ni ya magemu madogo ya watengenezaji huru, mengi hayana kufuli. Duka la Microsoft, EA na Ubisoft Connect nenda tu ikiwa gemu halipatikani kwingine.

Jambo moja linalowanasa watu: nyongeza ya gemu hufungwa kwenye duka. Phantom Liberty, nyongeza ya Cyberpunk 2077, ukiinunua Steam haiingii kwenye gemu la GOG. Unapochagua duka la gemu, umechagua na la nyongeza zake zote.

Hatua ya 4: Sasa tazama bei

Ingia isthereanydeal.com, andika jina la gemu, usome bei ya chini kabisa iliyowahi kutolewa na lini. Kama bei ya leo iko mbali na hiyo, subiri. Steam huwa na punguzo kubwa mwishoni mwa Juni na tena Desemba.

Ukitumia gg.deals, tovuti nyingine ya kulinganisha bei, angalia inavyotenganisha maduka rasmi na masoko ya misimbo ya kufungulia magemu. Humble, Fanatical na Green Man Gaming huuza misimbo waliyopewa na wachapishaji wenyewe. Soma mistari miwili kabla ya kulipa: msimbo unafunguliwa kwenye duka gani, na unakubalika nchi zipi. Ukishaufichua, kwa kawaida hakuna kurudishiwa, na Steam haitakurudishia pesa ambayo haikuipokea.

Masoko kama G2A ni kitu kingine, kwa sababu muuzaji ni mtu usiyemjua. Kadi iliyoibwa hununua misimbo, mwenye kadi analalamika benki, mtengenezaji anakatwa ada, na msimbo wako unaweza kufutwa. Mwaka 2020 G2A iliwalipa Wube Software, watengenezaji wa Factorio, dola 39,600 baada ya kuthibitika kwamba misimbo 198 iliyoibwa iliuzwa sokoni humo. Kwa punguzo la dola tatu, hatuoni maana ya kubeba hatari hiyo.

VPN, programu inayoficha mahali ulipo, ya kujifanya uko nchi yenye bei nafuu nayo iache. Inavunja mkataba wa Steam, akaunti inaweza kuwekewa vizuizi, na nchi ya duka haibadilishwi zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu.

Hatua ya 5: Lipa

Steam huonyesha dola kwa Kenya na Tanzania. Aliyeko Dubai ataona dirhamu, wa Doha riyali ya Qatar. Zidisha kwa kiwango cha kadi yako, si kile cha habari za jioni, na uache akiba ya ada na kodi. VAT ya Kenya ni asilimia 16.

Kadi ya mtandaoni ya simu, kama M-Pesa GlobalPay ya Safaricom, inatosha. Weka pesa kwanza, fika ukurasa wa malipo, ndipo uombe CVV, namba ya usalama ya kadi, kwa kuwa hudumu muda mfupi. Andika nchi ileile iliyo kwenye akaunti. Malipo yakikataliwa mara mbili, acha. Ukirudiarudia, Steam hukufungia kwa saa kadhaa. Chanzo cha kawaida ni salio kupungua kidogo baada ya ada.

Hatua ya 6: Jaribu haraka

Gemu likimaliza kushuka, lifungue siku hiyohiyo. Dakika ishirini za kwanza cheza sehemu yenye watu wengi na vurugu, ndipo mashine huelemewa. Programu ya ziada ya kampuni nyingine, kama EA au Ubisoft, ikibaki wazi au gemu likisimama kwenye menyu, Steam inaendelea kuhesabu saa, hivyo funga kabisa ukitoka mezani. Likigoma, ingia help.steampowered.com, chagua gemu, kisha ombi la kurudishiwa pesa. Kama ile kadi ya mtandaoni umeshaifuta, chagua pesa iingie Steam Wallet, salio la akaunti yako ya Steam.