Kabla Hujashuka Luthuli Avenue, Nairobi, Kununua Vipuri vya Kompyuta

Anayetaka kujiundia kompyuta kwa pesa kidogo huwa ameshachagua prosesa, ile chipu ambayo ni ubongo wa kompyuta, kabla hajatoka nyumbani. Muulize pawasaplai, kile kisanduku cha kuipa kompyuta umeme, ataweka gani, atakwambia yoyote atakayoikuta. Hapo ndipo pesa za watu huteketea, kwa hiyo nataka tuanzie kwenye stima.

Stima ya Nairobi hupotea na kurudi bila kubisha hodi, na kinachosimama kati ya soketi ya ukutani na kila kipuri ulichonunua ni hiyo pawasaplai. Ukishika iliyoandikwa wati 500 ukaiona nyepesi kama boksi tupu, irudishe. Tafuta yenye nembo ya 80 Plus. Nembo hiyo husema tu ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto, lakini mtengenezaji aliyejisumbua kuipata kwa kawaida hakubana sana ubora wa vya ndani. Kama pesa haitoshi, shuka daraja moja kwenye prosesa, usishuke hapa. Tena angalia nyuma: pawasaplai za zamani zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye 115 na 230. Iliyotumika Marekani huenda bado imewekwa 115. Umeme wetu ni volti 240, na ukichomeka bila kuisogeza utasikia mlio na kunusa moshi papo hapo. Pesa ya UPS, yaani betri ya akiba stima ikipotea, nayo itenge mapema, hata ile ndogo ya kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima.

Sasa jiulize kazi. Anayeandika ripoti na kufanya hesabu hahitaji kadi ya grafiki (kipuri cha kutoa picha kwenye skrini) hata kidogo, mradi prosesa yake ina grafiki ndani. Herufi moja huamua: prosesa za kampuni ya Intel zenye F mwishoni mwa jina hazina, na kwa za kampuni ya AMD, Ryzen 5 5600G inayo ilhali 5600 haina. Nimeona watu wamekaa mbele ya skrini nyeusi siku nzima wakidhani madabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) imekufa, kumbe ni herufi.

Njia ambayo wengi wetu huimudu ni kununua kompyuta ya ex-UK, iliyokwisha kutumika Uingereza, na kuijenga upya kidogo kidogo. Ni njia nzuri, naipenda, lakini ina mitego yake. Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyingi zina pawasaplai yenye plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo ile ya kawaida utakayonunua baadaye haitaingia bila waya wa kugeuza. Lile kasha jembamba linalovutia mezani hupokea kadi za kimo kifupi tu. Chukua lenye kimo kamili kama unawaza gemu au kuhariri video siku moja, na upange kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, maana nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 tu.

Soma pia kizazi cha prosesa. Kwa Intel, i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hukubali Intel kuanzia kizazi cha 8. Ukiambiwa bei ya cha 6 ni nafuu sana, sababu ndiyo hiyo. Bado inafaa kwa atakayeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows.

Kwa anayenunua kila kipuri kipya, madabodi na ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ndizo za kuoanisha. Soketi ya AMD iitwayo AM4, yaani sehemu ya madabodi inayopokea prosesa, hutumia ramu ya aina ya DDR4. AM5, iliyoingia mwaka 2022, hutumia DDR5 pekee. Hazibadilishani, hata pengo la katikati ya kijiti cha ramu limewekwa pengine. Nunua vijiti viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, hasa kama unategemea grafiki za ndani ya prosesa, kwani viwili husomwa kwa pamoja kwa kasi zaidi, na grafiki hizo hukopa ramu hiyo hiyo.

Ukifika Luthuli au Moi Avenue, usitume M-Pesa kabla kitu hakijawashwa mbele yako. Beba flashi yenye programu mbili za bure: CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha diski imefanya kazi saa ngapi na ina afya gani, na GPU-Z. Mdogo wangu aliuziwa kadi ya grafiki iliyoandikwa jina la toleo jipya, na Windows ikaitambua kwa jina hilo, ilhali ndani ilikuwa ya miaka mingi nyuma. GPU-Z huandika FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Dai risiti yenye namba ya kipuri, na muulize muuzaji waranti ni ya siku ngapi na nani hubeba hasara.

Nyumbani huhitaji vitu vingi: bisibisi ya nyota, grisi ya prosesa, na meza isiyo na zulia chini yake. Usianze kukaza kila kitu ndani ya kasha. Laza madabodi juu ya boksi lake, weka prosesa, feni yake, kijiti kimoja cha ramu na kadi ya grafiki kama ipo, halafu iwashe. Ikionyesha picha, zima, chomoa waya ukutani, kisha ndipo ufungue pakiti ya skrubu.