SOMO: Radi ikianza ukiwa chuo fanya hivi (someni kwanza ndo muulize)

Wakuu, vuli ikianza tu inboksi yangu inajaa maswali yale yale, sijui simu inavuta radi, sijui nikae wapi. Naandika leo mara moja, mwakani ukiniuliza nakurushia linki tu. Nipo chuo huku Nyegezi, Mwanza, geto langu Malimbe.

1. Asubuhi cheki utabiri wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa).

2. Wingu likijaa upande wa ziwani, chomoa laptopu, pasi na tivii. Chomoa mapema, sio radi ishafika juu ya bati ndo unakimbilia soketi.

3. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Gawa kwa 3 unapata kilomita. Ikiwa sekunde 30 kushuka chini, yaani kama kilomita 10, ingia ndani.

4. "Ndani" ni jengo la ukweli lenye nyaya na mabomba, darasa, maktaba, hosteli. Au gari la bodi ya bati, vioo juu. Kibanda cha chipsi, turubai, chini ya mwembe, kwenye vipango vya haya mawe yetu, hapana. Bajaji nayo hapana. Na usioge muda huo.

5. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya MWISHO. Hapa ndo niliboronga. Mwaka wa kwanza mvua ilipiga weee ikakatika, kajua kakatoka, nikasema ngoja nianue nguo maana kesho nina prezentesheni na suruali ni ile ile, tulikuwa tumefunga waya wa chuma toka ukutani mpaka kwenye mwembe. Nimeshika jinzi tu, sikusikia hata mlio, niliona weupe, kustuka nimekaa kwenye tope, mkono wa kulia ganzi mpaka kesho yake jioni na sikio linapiga filimbi. Mwembe ulichubuka gome toka juu mpaka chini. Radi inaweza kupiga kilomita kadhaa nje ya mvua yenyewe, kwa hiyo usiangalie mvua, sikiliza ngurumo. Ikinguruma tena dakika ya 29, unaanza kuhesabu UPYA. Na waya wa nguo, fensi, goli la uwanjani, kaa mbali navyo.

6. Mtu akipigwa habaki na umeme mwilini, mshike. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mwenzako apige 112.

MASWALI

dogo_wa_igoma: Mkuu vipi nguo nyekundu na vioo, bibi alikuwa anafunika vioo vyote

Jibu: Havivuti radi. Ila mheshimu bibi, kwa kufunika vioo alikuwa anawaweka ndani, na hiyo ndo kinga yenyewe.

kiboko94: mvua ikiisha naweza kutoka??

Jibu: Namba 5.

kiboko94: nimeuliza kistaarabu tu

Jibu: Na mimi nimeandika aya nzima kistaarabu. Namba 5.

nyamagana_finest: Simu je?

Jibu: Simu mkononi haina shida. Ikiwa kwenye chaji, hapo umejiunga na waya wa nje.

Sangara_mbichi: Samahani kaka, kwa nini huku Mwanza mvua za radi zinatuamsha alfajiri, kwetu Dodoma zinakuja mchana?

Jibu: Dada hili swali nimelipenda. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto. Upepo unatoka pande zote kuingia ziwani, unakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda juu, mawingu yanajengeka usiku kucha. Alfajiri ndo tunaletewa. Mchana inageuka, nchi kavu ndo inapata joto, upepo unatoka ziwani na mawingu yanajengeka huku juu ya milima. Ndo maana wavuvi wa dagaa, wanaofanya kazi usiku na karabai, wanaogopa sana mawingu ya saa tisa usiku.

Sangara_mbichi: Asante kaka, kumbe! Na mtu akiwa mtumbwini?

Jibu: Hapo huna pa kujificha, wewe ndo kirefu kuliko vyote. Dawa ni kutokutoka.

mama_kasulu: Mi nyongeza tu, vyeti wekeni kwenye ndoo yenye mfuniko, mwaka jana geto liliingia maji nikaanika transkripti kama dagaa

Jibu: 😂 Hiyo nayo ni hatua, pole mama. Na anayepita mto Mirongo maji yakijaa, zunguka, usijaribu kuvuka.

dogo_wa_igoma: Sasa nguo tuanike na nini

Jibu: Kamba ya nailoni, sokoni Mlango Mmoja zimejaa. Funga ukuta kwa ukuta, mwembe uache.