Kusoma chale kwenye mbavu za watu wa kale: anza na mbavu za mbuzi

Kila anayekuja kujifunza kusoma chale, yaani alama za mikato iliyoachwa mfupani, hukimbilia kioo cha kukuzia. Kiweke kando kwanza. Chale haina maana mpaka ujue imekaa kwenye ubavu wa ngapi, upande gani na uso upi.

Hatua ya 1: Tafuta mbavu
Nenda bucha la Darajani, mjini Unguja, asubuhi, uombe mbavu nzima za mbuzi zikiwa bado zimeshikana na pingili za uti wa mgongo. Usiseme ni za supu, maana shoka litashuka kabla hujamaliza kauli. Mbuzi ana jozi 13 za mbavu, binadamu ana 12. Za mbuzi zimenyooka zaidi. Za binadamu hupinda na kujisokota kidogo.

Hatua ya 2: Ujue mfupa
Hapa usifanye haraka. Ubavu wa kawaida wa binadamu una kichwa kinachoshikana na pingili, kisha shingo, kisha kinundu upande wa nyuma, halafu pembe ambapo mfupa unageuka kuelekea mbele. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini, upande wa ndani: utahisi mfereji mnamopita mishipa ya damu na ya fahamu. Mfereji huo ndio utakaokuambia kulia na kushoto. Kichwa kikae nyuma, mfereji uwe chini na ndani, na mpindo wenyewe utakuonyesha upande.

Ubavu wa kwanza ni bapa, mpana na umepinda mno, huwezi kuukosea. Wa 11 na wa 12 hazina kinundu, na ncha zake za mbele zinaelea. Zilizo katikati ndizo zinazosumbua. Zipange mezani kwa mfuatano na uzilinganishe.

Hatua ya 3: Kata mwenyewe
Gonga jiwe gumu upate kibanzi chenye makali (vaa miwani ya kukinga macho). Kwa kibanzi hicho fanya kazi tatu, kila moja kwenye mbavu zake: vua nyama ya nje, tenganisha kichwa cha ubavu na pingili, kisha kwangua uso wa ndani kama anayetoa matumbo. Rudia kwa kisu cha chuma. Chora kila ulipokata.

Hatua ya 4: Safisha
Chemsha kwa moto mdogo na sabuni ya unga kidogo. Ondoa nyama kwa vidole na mswaki laini. Ukitia kisu hapa, umeshaharibu ushahidi.

Hatua ya 5: Sasa kioo
Kinachokuza mara 10 kinatosha. Zima taa ya juu, ulaze tochi kando ya mfupa ili mwanga upite juu ya mfupa kwa mshazari. Chale ya jiwe ina umbo la V, na ndani yake mistari myembamba inayokwenda sambamba nayo. Ya chuma huwa nyembamba na safi zaidi. Jino la mnyama huacha mfuo wenye kitako cha mviringo. Panya huacha mifuo mifupi iliyopangana. Mizizi hutambaa na kujigawa matawi. Mikwaruzo ya kukanyagwa mchangani ni ya juu juu na haina mwelekeo mmoja. Ukiona mkato mweupe kwenye mfupa uliogeuka rangi, huo ni wa koleo la mchimbaji.

Hatua ya 6: Tafsiri taratibu
Chale karibu na kichwa, uso wa ndani, zinaashiria kifua kilifunguliwa. Za nje huashiria kuvuliwa nyama. Lakini kuvua nyama si lazima iwe kula: wako waliosafisha mifupa ya maiti wao kwa ajili ya mazishi. Katika Pango la Gough, Uingereza, lenye mabaki ya miaka takriban 14,700, hoja ya ulaji watu ilipata nguvu kwa sababu zaidi ya chale kulikuwa na alama za meno ya binadamu, hata kwenye ncha za mbavu.

Kwetu, Pango la Kuumbi kule Jambiani limetoa mifupa ya pundamilia na nyati, wa enzi ambazo Unguja ilikuwa imeungana na bara. Ukikuta mfupa unaoshuku ni wa mtu, pangoni au shambani, usiuinue. Mwite sheha, polisi na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale watafuata.

Hatua ya 7: Andika
Usiandike "mbavu zina alama". Andika hivi: ubavu wa 7, kushoto, uso wa ndani, sm 2 kutoka kichwani, chale 4 sambamba, zinakata mfupa kwa mshazari, hakuna dalili ya kupona.