Koilova kwa barabara za Lubumbashi: kuchagua, kufunga na kuziseti

Mvua zikikatika kuelekea Mei, barabara ya Likasi ikikauka, maswali ya koilova (shokapu na springi yake kwa pamoja, ambazo urefu wake unabadilishwa) huanza kumiminika, na karibu yote yanauliza jambo moja: nishushe gari kiasi gani? Kwangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni shokapu, au amotisa kama tunavyosema hapa, ina nafasi gani ya kutembea. La pili ni ugumu wa springi. Ukishayajibu hayo mawili, urefu wa gari haukupi shida. Naandika kwa wenye Altezza, Mark X, Impreza na ndugu zake, magari yanayobeba watoto shuleni asubuhi na bado mwenyewe anataka yashike kona vizuri.

Hatua ya 1: Jua gari lako limejengwaje

Impreza WRX za GC na GD zina struti ya MacPherson pande zote nne, yaani shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu, bila mkono wa juu. Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Ukipuuza tofauti hii utanunua springi isiyokufaa.

Kwenye MacPherson, gurudumu likipanda milimita 10 shokapu nayo inabanwa karibu milimita 10. Kwenye mikono miwili shokapu hushika mahali fulani katikati ya mkono, kwa hiyo gurudumu likipanda 10, shokapu hubanwa pengine 7. Uwiano huo wa 0.7 unauzidisha kwa wenyewe unapata 0.49. Springi ya kilo 10 kwa milimita (kilo 10 zinaibana milimita moja) inafika kwenye gurudumu na nguvu ya kilo 4.9 tu. Springi ya kilo 6 kwenye struti yenye uwiano wa 0.95 inafika na kilo 5.4. Basi usimwige jirani kwa kusoma namba iliyoandikwa kwenye springi yake.

Hatua ya 2: Chagua seti

Koilova ziko za namna mbili kwa upande wa urefu. Za kwanza, unapandisha au kushusha gari kwa kuzungusha kiti cha springi kwenye uzi wa shokapu. Za pili zina kikombe cha chini unachokizungusha peke yake, hivyo shokapu nzima inakuwa ndefu au fupi bila springi kuguswa. Kama mfuko unaruhusu, chukua za pili. Unashusha gari na nafasi ya shokapu kutembea inabaki ileile.

Mguu wa juu, kile kinachoifunga shokapu kwenye bodi, uwe wa raba. Ile ya chuma yenye tufe dogo la kuzunguka inajibu usukani haraka, lakini vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia humo na kuitafuna, na kelele hazichelewi. Uliza pia kama fundi anaweza kuifungua shokapu na kubadilisha sili na mafuta, na kama unaweza kununua moja peke yake. Seti isiyofunguliwa ni ya kutupa siku mafuta yatakapovuja.

Ukinunua iliyotumika, ile inayokuja kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa, usilipe kabla ya kuvuta ile raba ya vumbi na kuiangalia fimbo. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukikwama kwenye kidoti cha kutu, sili itachanika hapo hapo. Na kila ringi, zile nati kubwa za kuseti urefu kwenye uzi wa shokapu, lazima izunguke.

Kwa matumizi ya mjini na safari, mimi nashauri kilo 4 hadi 6 kwa milimita kwenye MacPherson. Seti za kilo 12 ziache kwa wenye uwanja wa lami laini.

Hatua ya 3: Hesabu nafasi ya kutembea

Hapa ndipo ningeomba usome polepole.

Tuseme pembe moja ya mbele inabeba kilo 350, na gurudumu, breki na kitovu ni kilo 40. Springi inabeba 310. Ukiweka springi ya kilo 6 kwenye struti, gari likikaa chini springi inabanwa kama milimita 52. Hizo 52 ndizo gurudumu linaweza kushuka kufuata shimo. Weka springi ya kilo 10, zinabaki 31. Sasa fundi akizikaza springi milimita 20 kabla ya kufunga ili gari lisimame juu, hata kwenye ile springi ya kilo 6 unabaki na 32 tu. Gurudumu linaning'inia juu ya shimo badala ya kulifuata, na tairi lisilogusa barabara halishiki chochote. Kwa hiyo kaza kiti mpaka springi isicheze, ongeza milimita chache, uishie hapo.

Upande wa juu unapimwa kwa kamba ndogo ya plastiki, ile ya kufungia nyaya. Ifunge kwenye fimbo ya shokapu, isukume chini mpaka iguse mwili wa shokapu. Endesha barabara zako za kila siku: zile dodani (matuta) za mtaani, reli, mashimo unayoyajua kwa majina. Rudi uangalie kamba imesukumwa mpaka wapi. Ikiwa imezama ndani kabisa ya raba ya kugotea, umelishusha gari mno au springi ni laini mno. Ikiacha nafasi kidogo kabla ya raba, uko salama. Na hiyo raba usiikate ili upate nafasi, kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma.

Hatua ya 4: Funga

Usitumie mashine ya hewa kwenye nati ya juu, fimbo inazunguka na kuumiza sili. Boliti za bushi za raba zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo raba zinabaki zimejipinda na kuchanika mapema. Geuza usukani mwisho kulia na kushoto, hakikisha bomba la breki halivutwi.

Hatua ya 5: Urefu, halafu paralelisimu

Pima kutoka katikati ya kitovu mpaka ukingo wa bodi, siyo kutoka chini, maana tairi likipungua upepo kipimo kinakudanganya. Shusha milimita 20 hadi 30, endesha siku chache springi zikae, pima tena. Ndipo uende paralelisimu, yaani kupanga pembe za magurudumu. Ukienda kabla, utaenda mara mbili. Taa za mbele nazo zirekebishwe.

Hatua ya 6: Kliki

Upepo wa tairi kwanza, ukipimwa asubuhi likiwa baridi. Kisha zungusha vifungo vya ugumu vya shokapu zote mpaka mwisho wa ugumu, hesabu kliki (kila "tik" ya kifungo) ukirudi nyuma hadi katikati, pande mbili za ekseli zilingane. Badilisha kliki mbili mbili, ekseli moja kwa wakati, uandike kwenye daftari.

Gari likiyumba juu na chini baada ya tuta, ongeza ugumu. Likipita kwenye mabati (yale mawimbi madogo) ya barabara ya udongo likawa linazidi kuzama na kuwa gumu, punguza: shokapu inazuia springi kurudi, na kila tuta linaikuta bado imebanwa. Fahamu kwamba kliki zinabadili namna gari linavyoingia na kutoka kwenye kona. Kama katikati ya kona ndefu pua inakataa kugeuka, kliki hazitakusaidia sana. Hapo angalia springi, bari ya kuzuia kulala na mwinamo wa magurudumu.

Maswali ya wanachama

*Mwenye Impreza, Kampemba: Yaya, nimeshusha sentimita 6 na springi ni ngumu kuliko za kiwandani, lakini gari linalala kwenye kona kuliko zamani. Inawezekanaje?*

Inawezekana kabisa, mdogo wangu. Kwenye MacPherson ukishusha sana, mkono wa chini unapanda ukapita usawa. Ile nukta ambayo gari linalala kuizunguka inashuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka, na uzito unapata mkono mrefu wa kulisukuma gari. Pandisha mpaka mkono uwe sawa na ardhi au uiname kidogo kuelekea gurudumu. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

*Mwenye Impreza wa pili, Bel-Air: Nikigeuza usukani nimesimama, nasikia "tok" mbele.*

Springi inajipinda kisha inafyatuka kwenye kiti chake. Inua gari kwa jeki, shika springi kwa mkono. Ikicheza, kaza kiti milimita moja au mbili. Kama haichezi, angalia mguu wa juu.

*Mwenye Mark X, Golf: Papa, usukani wangu uko kulia, na gari linavuta kulia hata baada ya paralelisimu. Niinue upande wa kulia?*

Hapana, ndugu. Sisi tunaendesha kulia, na barabara imeinamishwa kulia ili maji yatoke. Jaribu kwanza mahali pa usawa, kisha badilishana tairi za mbele. Uzito wako upo kulia kweli, lakini ukiinua pembe moja unaiongezea mzigo hiyo na ile iliyo mkabala wake kwa mshazari, na gari litageuka vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine. Hilo hufanywa juu ya mizani nne, wewe ukiwa umekaa kitini.

*Mwenye Impreza mwingine, Ruashi: Ringi zimeganda baada ya mvua.*

Usipige kwa nyundo na patasi, ringi nyingi ni za alumini na zinavunjika. Sugua uzi kwa brashi ya nailoni na maji ya sabuni, paka mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, kisha tumia spana yake ya ndoano. Zikifunguka, paka silikoni ya kukauka. Grisi usitumie, inashika mchanga. Na kabla ya Novemba kufika, zizungushe zote mara moja kisha uzirudishe kwenye alama zake.